Mazoezi ya Mwili na Shabaha Zake

Mwili wa mwanadamu ni chombo cha mwendo. Zamani za mababu hapakuwa na haja ya kuuhimiza utumike, kwa maana maisha yenyewe yaliushurutisha. Mvuvi alivuta nyavu na kusukuma ngalawa mchangani; mwanamke alitwanga, akateka maji kisimani, akapanda mlima na mtungi kichwani; mkulima aliinamia jembe tangu umande mpaka jua la utosi; na mtu aliyetaka kumjulia hali nduguye wa kijiji cha pili hakuwa na kipando ila nyayo zake. Watu hao hawakuwa na haja ya neno mazoezi, lakini walikuwa wakiyafanya mchana kutwa. Haisemwi kwamba hali yao ilikuwa njema kuliko ya leo. Wengi walikufa kwa maradhi yanayoponywa sasa kwa vidonge vichache, na mgongo wa mtwanga mpunga haukuwa mgongo wa raha.

Leo maji hufika bombani, unga hununuliwa umekwisha sagwa, na pikipiki husubiri mlangoni. Mtumishi wa ofisi aweza kutoka kitandani hadi kitini, na kutoka kitini hadi kitandani, asihesabu hatua elfu mbili. Mazoezi yamekuwa jambo la kukusudiwa, na jambo la kukusudiwa lina mashaka yake. Kazi ina njaa ya kuisimamia, lakini mazoezi hayana msimamizi ila nia ya mtu mwenyewe. Na nia ni msimamizi mpole mno, hupokea udhuru wa kila namna bila kuuchungua.

Tofauti ya mwili unaoshurutishwa na mwili ulioachwa ilipimwa kwa hesabu huko Uingereza. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na vidato alivyopanda viliweza kufika 500 na zaidi kwa siku. Watu hao wawili walikuwa wa tabaka moja na walipumua moshi mmoja wa mji mmoja. Walakini maradhi ya moyo yaliwashika madereva zaidi kuliko makondakta, na mauti ya ghafla yaliwachukua madereva kwa wingi zaidi. Habari hii hutajwa mara nyingi kwa ajili ya zile ngazi, lakini ina jambo jingine la kutazamwa. Hapana kondakta aliyeamka asubuhi akaapa kupanda vidato 500 kwa ajili ya moyo wake. Alipanda kwa sababu abiria wa juu hawajalipa. Mazoezi yake yalikuwa ndani ya kazi kama punje ndani ya ganda, na kwa hiyo hayakungoja hamu yake. Morris mwenyewe aliyatii mafunzo ya uchunguzi wake, akaendelea kufanya mazoezi mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Asiye na ngazi za kupanda hana budi kujiwekea shabaha, na hasara ya kwanza ya mwanzaji hutokea hapo. Mtu huiweka shabaha siku ambayo ari imepanda, akaipima kwa nguvu za siku ile, kana kwamba siku zote zitakazofuata zitafanana nayo. Hujitazamia mwili wa kijana aliyemwona katika picha, au husikia habari za mashujaa akataka kuwa mmoja wao kabla ya mwezi kwisha. Katika Tanzania jina la John Stephen Akhwari hutajwa kwa heshima, nalo lastahili. Katika mbio ndefu za Olimpiki za Mexico City, mwezi wa Oktoba mwaka 1968, aliumia goti njiani, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limekwisha tanda, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Watu humtazama katika saa ile moja ya uchungu wakasahau miaka ya mwendo iliyoitangulia. Miguu iliyomfikisha Akhwari mwisho ilikuwa imezoezwa siku nyingi. Mtu wa kitini akijitwika uvumilivu wa Akhwari juu ya goti ambalo halijazoea hata ngazi za benki atapata uvimbe, wala hatapata sifa.

Hesabu nyingine hupokewa kama sheria bila kuulizwa zilikotoka. Zimeenea sana hatua elfu kumi kwa siku. Chanzo chake ni Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, ilipouzwa saa ndogo ya kuhesabia hatua iliyopewa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu, likashika. Wataalamu walipokuja kupima baadaye waliona mambo mengine: uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 ulionyesha kuwa waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida ilipofika kama hatua 7,500 haikuendelea kuongezeka. Mzee aliyekata tamaa kwa kuwa hazifiki elfu kumi alikuwa amenyimwa faida yake na tangazo la biashara.

Palikuwa na karani mmoja mjini Tanga, mtu wa makamo, mwenye umri wa miaka 48, aliyekaa Ngamiani na kufanya kazi karibu na bandari. Daktari alimkuta na shinikizo la damu la 160 juu ya 100, akampa dawa, akamwambia atembee. Karani aliliona neno hilo dogo mno. Kutembea, alisema moyoni, hata mtoto hutembea. Akajiwekea shabaha mbili: kukimbia saa nzima kila alfajiri, na kupunguza kilo 20 kabla ya mwezi wa Ramadhani, ambao ulikuwa mbele yake kwa miezi mitatu. Alinunua raba nyeupe na fulana mbili, akaitangaza nia yake ofisini. Asubuhi ya kwanza alivuka reli, akapita mjini, akaipita hospitali ya Bombo, akafika Raskazone ulimi nje. Akarudi nyumbani kwa bodaboda. Siku ya nne goti lilivimba. Siku ya tisa mvua ilinyesha. Siku ya kumi na moja hapakuwa na mvua wala uvimbe, ila usingizi, na tangu siku hiyo raba zililala chini ya kitanda.

Kama angeacha kukimbia tu, hasara ingekuwa ndogo. Iliyokuwa kubwa ni kwamba aliacha hata kutembea. Aliyeapa mbele ya watu kukimbia saa nzima huona haya kuonekana akitembea robo saa. Tendo dogo lilikuwa limeharamishwa na shabaha kubwa. Kila alipofikiri kutoka alikumbuka kile kilichopasa kufanywa, akajilinganisha nacho, akakaa.

Kisha mwenziwe wa meza ya pili, mtu waliyelingana naye umri, alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Karani alikwenda kumzuru, akamkuta akilishwa uji na binti yake wa darasa la saba. Hofu ikamwingia. Raba zilitoka uvunguni, na kwa siku kumi na sita alitoka kila asubuhi kama mtu anayefukuzwa. Wengi hudhani kwamba hofu ya mauti yatosha kumweka mtu njiani. Haitoshi. Hofu huzoeleka kama harufu ya samaki sokoni. Anayeingia huisikia, anayekaa haisikii tena. Juma la tatu mgonjwa alipata nafuu kidogo, akatoka nje na mkongojo, na karani, badala ya kushukuru na kuendelea, alishukuru na kulala.

Jirani na nyumba yake palikuwa na fundi baiskeli, mzee wa makamo yaliyopita, afanyaye kazi chini ya mwarobaini. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi kama huyo hujua siri za nusu ya mtaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Raba zimekwenda wapi?”

Karani alicheka kwa haya. “Raba zipo, mzee. Mwenyewe ndiye hayupo.”

“Hebu nikuulize. Mtu akiniletea baiskeli iliyolala stoo mwaka mzima, nimwambie apande aende nayo Pangani?”

“Haitafika, mzee.”

“Haitafika. Huzungushwa papa hapa, ikatiwa mafuta, ikajazwa upepo, kisha ikajaribiwa mpaka msikitini na kurudi. Wewe ulijipeleka Pangani.”

Karani aliyachukua maneno ya mzee kama yalivyosemwa. Msikitini alikuwa akienda kila alfajiri. Hilo halikuhitaji ari mpya, kwa kuwa lilikuwa desturi yake tangu ujana. Akaazimia kwamba akitoka katika sala, badala ya kugeuka kushoto kwenda nyumbani, atageuka kulia, atembee dakika tano, na kurudi dakika tano. Hakuongeza neno juu ya kilo wala mbio. Aliichagua dakika kumi kwa kuwa ndiyo aliyoweza hata siku ya homa ndogo, hata siku ya kuamka na usingizi machoni, hata siku ya ugomvi nyumbani. Hapa ndipo shabaha yake ya pili ilipoachana na ile ya kwanza: ya kwanza ilipimwa kwa siku yake bora, ya pili kwa siku yake mbaya.

Nyuma ya mlango wa chumba alitia alama ya chaki kwa kila siku aliyotoka. Mwezi wa kwanza alama zilikuwa 26. Siku nne zilizokosekana zilimsumbua, na hapa yafaa kutaja uchunguzi mmoja wa chuo kikuu cha London, University College, ambao watu 96 walitazamwa wakijijengea desturi ndogo ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa kadiri ya kati ilichukua siku 66 mpaka tendo kutendeka bila kujihimiza. Lakini mmoja alihitaji siku 18, na hesabu ya mwingine ilikisiwa kufika siku 254. Na kukosa siku moja hakukuiharibu desturi iliyokuwa ikijengwa. Anayesikia kwamba wiki tatu zatosha, akafika wiki ya nne bado anajivuta, hujidhania kuwa ana kasoro ya tabia. Kumbe yumo njiani pamoja na wengine. Karani alijifanyia kanuni yake: siku moja ikikosekana haihesabiwi dhambi, lakini mbili hazifuatani.

Mtihani wake mkubwa ulikuja kutoka katika mizani. Miezi miwili ilipokwisha alijipima akakuta amepungukiwa kilo moja. Kilo moja, kwa alfajiri hamsini na zaidi! Alirudi nyumbani amenuna. Mkewe, aliyekuwa akimpakulia wali wa nazi, alimwambia, “Baba Saidi, miguu haiwezi kushindana na sahani,” naye akanyamaza, kwa kuwa lilikuwa kweli: mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa uchache sana, na asiyeangalia sukari ya chai na wingi wa wali hukosa haki ya kuilaumu mizani. Lakini daktari alipompima alikuta shinikizo limeshuka hadi 148, na karani mwenyewe alikuwa amekwisha ona kwamba ngazi za ofisi hazimkatishi tena pumzi. Dawa hakuziacha, wala hakuambiwa aziache. Alichojifunza ni kutenganisha mambo mawili ambayo hapo awali aliyachanganya: kutembea kulikuwa mkononi mwake, kilo hazikuwa mkononi mwake. Mtu akiifunga furaha yake katika lisilo mkononi mwake, siku lisipotii huliacha na lile lililo mkononi.

Baada ya hapo dakika ziliongezeka zenyewe, tano kwa mwezi, wakati mwingine bila kuongezeka kitu. Masika ilipokuja alitembea barazani, kutoka nguzo hadi nguzo, watoto wakimcheka. Ramadhani ilipoingia aliuhamisha mwendo baada ya tarawehe, akaupunguza. Mwishoni mwa mwaka alikuwa akitembea nusu saa, siku tano au sita katika juma, na kiasi hicho kinafikia dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limezitaja kuwa kiwango cha chini kwa watu wazima. Mwongozo huo huo unasema kuwa kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na laiti sentensi hiyo ingebandikwa mbele ya zile nyingine zote.

Liko jambo ambalo vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa ng'ambo havilitaji, nalo ni macho ya watu. Katika miji ya pwani mtu mzima haendi bila haja. Akionekana anatembea upesi asubuhi, mikono mitupu, huulizwa kama kuna msiba, au hudhaniwa kuwa anakimbia mdai. Karani katika juma la kwanza alichukua kikapu mkononi ili aonekane anakwenda sokoni. Juma la pili alikisahau, na hakuna aliyeuliza. Kwa mwanamke mzigo huu ni mzito zaidi. Mama wa watu akikimbia barabarani peke yake hupata maneno ambayo mwanamume hapati, na kumwambia ajitie moyo wakati njia yenyewe inamtukana ni kumwonea. Ndiyo maana vikundi vya mbio za pole vilivyoenea Dar es Salaam vina faida kupita ile ya miguu: anayekwenda na wenzake thelathini hana haja ya kujieleza kwa mtu. Kundi lina faida ya pili pia. Mwenzi anayesubiri penye kona saa kumi na mbili kasoro robo ni mkali kuliko nia, kwa sababu nia haigongi mlango.

Serikali nazo zimejaribu. Zanzibar huiadhimisha tarehe 1 Januari kwa mazoezi ya viungo, vikundi vikipita mitaani kwa sare na nyimbo. Na mwezi wa Desemba mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, aliitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Siku za namna hii ni tarumbeta njema. Huwaondolea watu haya, na waliokuwa hawajawahi kutoka hutoka. Lakini tarumbeta haichezi ngoma mpaka asubuhi. Aliyevaa fulana ya sherehe Jumamosi anakutana na Jumapili akiwa peke yake, na Jumapili ndiyo iliyo ngumu.

Mama yake karani, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa na miaka 71. Alikuwa akisali juu ya kiti mwaka wa tatu, kwa sababu magoti hayakumpa kwenda chini na kuinuka. Kumwona mwanawe akitia chaki mlangoni kulimfanya aulize kama na yeye hana lake la kutia. Muuguzi wa zahanati alimtazama magoti, akamwonyesha zoezi moja: kukaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, mara tano, asubuhi na jioni, na kama maumivu ni makali asimame. Bibi hakutaka wembamba wala umri mrefu. Shabaha yake ilikuwa kuweka paji la uso juu ya mkeka. Mwezi wa kwanza aliinuka mara mbili kati ya tano, tatu akajisaidia kwa mkono. Mwezi wa pili zote tano zilikuwa zake, akahamia kiti kifupi cha jikoni. Mwezi wa tatu goti la kushoto lilimrudisha nyuma, akapumzika siku nane, akaanza tena kwa mara mbili, bila kelele, kama mtu aliyerudi kuchukua kitu alichokisahau. Mwezi wa tano alisali rakaa mbili za alfajiri chini, mjukuu akiwa karibu naye tayari kumshika, na hakushikwa. Nne za adhuhuri bado anazisali juu ya kiti.